Sayyid Majid na mji alioujenga: Ndugu wakigombana, mgeni hupima shamba



Wiki mbili zilizopita nilinunua kopo la rangi nyeusi na brashi, nikapanda daladala hadi upande wa Mbagala, kisha bodaboda hadi kwenye shamba alilotuachia babu yetu. Wazee wa ukoo walinituma nikaandike kwenye ukuta wa nyumba ya zamani maneno ambayo kila mkazi wa Dar es Salaam anayafahamu, kwamba shamba hili haliuzwi. Ukipita pembezoni mwa mji wetu utayakuta maneno hayo kwenye kuta, kwenye mabati, hata kwenye vigogo vya minazi. Wengine huongeza onyo kwa matapeli na namba ya simu ya mwenye mali.

Shangazi yangu, ambaye amekwisha pita miaka sabini, alikuwa amekaa barazani akinitazama. Nilipomaliza aliniuliza swali moja tu: kama tunawaandikia watu wa nje ukutani, sisi kwa sisi tumeandikiana nini? Sikuwa na jibu. Babu alifariki mwaka 1987 na mirathi yake haijagawanywa mpaka leo. Wakati ule shamba lilikuwa porini, minazi na mikorosho na mihogo, na hakuna aliyeona haja ya kuhangaika. Leo lami imefika jirani, na dalali amefika pamoja nayo. Tena dalali huyo hakuja mwenyewe. Aliletwa na mtoto wa ami yangu, ambaye naye anadai fungu la baba yake.

Nilirudi mjini nikashuka Posta, nikatembea hadi ufukweni kwenye lile jengo la mawe tunaloliita Boma la Kale, linalotazama bandari. Jengo lile lilijengwa katika miaka ya 1866 na 1867 kwa amri ya Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar, lipokee wageni wake. Kasri lake mwenyewe lililokuwa jirani limekwisha toweka. Nilisimama pale nikimfikiria mtu huyu, ambaye ndiye wa kwanza kuja hapa akiwa na azma ya kuugeuza ufukwe wa wavuvi kuwa mji mkubwa. Watoto wetu shuleni hufundishwa jina lake kwa mstari mmoja, kuwa ndiye aliyeanzisha Dar es Salaam, basi. Maisha yake yana somo kubwa kwa kila mwenye shamba pembezoni mwa mji. Naomba niyaeleze.

Majid alizaliwa katika miaka ya 1830, mtoto wa Sayyid Said bin Sultan, yule mtawala wa Oman aliyehamishia makao yake Unguja na kuijaza mikarafuu. Mama yake alikuwa suria wa Kicherkesi. Katika nyumba ile kubwa ya watoto wengi na mama wengi, Majid alikuwa karibu sana na mdogo wake wa kike, Salme, kwa kuwa mama zao walikuwa marafiki. Bibi Salme alikaa nyumbani kwa kaka yake, Beit al-Watoro, na kaka yake ndiye aliyemfundisha kupanda farasi na kulenga shabaha. Msomaji alihifadhi jina hilo la Salme, maana tutalirudia.

Oktoba 1856 Sayyid Said alifariki baharini akiwa njiani kurudi Unguja kutoka Maskati. Hapo ndipo matatizo yalipoanza. Mzee aliacha watoto wengi na dola yenye pande mbili, Oman na Afrika Mashariki, zilizotenganishwa na bahari ya siku nyingi. Mali ya nyumbani ilikuwa na mafungu yake yanayojulikana katika sheria. Ufalme hauna fungu. Thuwaini alishika Maskati, Majid akashika Unguja, na kila mmoja akaona kuwa mwenzake amekalia haki yake. Thuwaini alitayarisha merikebu aje kuichukua Unguja kwa nguvu, na Waingereza wakamzuia njiani.

Mwaka 1859 moto ukawaka ndani ya nyumba. Barghash, mdogo wake Majid, alifanya njama za kumpindua. Baadhi ya dada zake walimuunga mkono, na miongoni mwao alikuwamo Salme, yule yule aliyelelewa nyumbani kwa Majid, ambaye ndiye aliyewaandikia wapangaji wa njama barua zao. Mapigano yalifanyika kwenye shamba la Marseilles nje ya mji wa Unguja. Majid hakuweza kuyamaliza peke yake. Askari wa manowari ya Kiingereza walimsaidia, Barghash akakamatwa na kupelekwa Bombay kukaa uhamishoni. Dada zake Majid aliwasamehe. Wanaoandika juu yake husema alikuwa mtu mpole, na mwili wake haukuwa na afya nzuri.

Kisha ukaja uamuzi wa 1861. Ndugu wawili hawakupatana, basi shauri lao likapelekwa kwa Mwingereza, Lord Canning, aliyekuwa mtawala wa India kwa niaba ya Malkia. Akaamua Unguja iwe mbali na Oman, na kwa kuwa Unguja ndiyo tajiri, ilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Zingatia jambo hili, ndugu msomaji. Urithi wa baba mmoja Muislamu uligawanywa na mgeni aliyekaa India, na kuanzia siku ile kila mtawala wa Unguja alijua kuwa kiti chake kina shahidi, na shahidi huyo ni balozi wa Kiingereza. Thuwaini naye hakustarehe. Mwaka 1866 aliuawa, na aliyemuua ni mwanawe wa kumzaa, Salim.

Majid aliyekuja kuijenga Dar es Salaam alikuwa mtu wa namna hiyo. Ana deni la kila mwaka kwa ndugu yake. Ana deni jingine kubwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, matajiri wa Kihindi waliokodi forodha ya Unguja. Ana mdogo wake aliyerudi kutoka Bombay, anayeketi kimya akingoja. Ana mabalozi wa Kizungu mlangoni. Akatazama bara. Huko ndiko zilikotoka pembe za ndovu na sandarusi, na misafara yake iliishia Bagamoyo na Kilwa, miji yenye wenyewe wa siku nyingi. Bagamoyo haina bandari, jahazi hutia nanga mbali na watu hushuka majini. Kusini yake kidogo kulikuwa na mlango mwembamba wa bahari, na ukiupita unakuta ghuba pana yenye kina na maji yaliyotulia. Hapo ndipo alipopataka.

Lakini mahali hapo palikuwa na watu. Kando ya bahari, karibu na ilipo leo Hospitali ya Ocean Road, kilikuwapo kijiji cha Mzizima cha Washomvi, wavuvi na wachemsha chumvi, Waislamu wenye majumbe wao. Nyuma yao bara walikuwapo Wazaramo. Masimulizi ya wazee yanasema Washomvi waliwahi kuvamiwa na Wakamba, wakaomba msaada kwa Pazi wa Wazaramo, naye akawaokoa, na tangu hapo wakawa wanampa ada. Kwa hiyo ardhi ile ilikuwa na utaratibu wake: nani analima, nani anavua, nani anapewa ada na kwa sababu gani. Hakuna karatasi iliyoandikwa, na hakuna aliyeihitaji, kwa sababu kila mtu alimjua mwenzake na ardhi haikuwa na bei.

Majid alipatana na wakubwa hao na kazi ikaanza katika miaka ya 1865 na 1866. Yakachongwa mawe ya matumbawe, ikachomwa chokaa, ikaletwa miti ya boriti na milango ya nakshi. Pakajengwa kasri, nyumba ya wageni, na nyumba za mawe zilizofuata mkunjo wa ghuba. Vikachimbwa visima. Nyuma ya mji ikapandwa minazi. Kazi hii kwa sehemu kubwa ilifanywa na watumwa, na hatuna sababu ya kulificha hilo wala kulitafutia udhuru. Kila tunapoyasifu yale mawe tukumbuke pia mikono iliyoyabeba.

Mji ukapewa jina la amani. Wengine husema asili yake ni bandari ya salama, wengine husema ni nyumba ya salama, na yote mawili yanaeleza alichokitafuta yule bwana. Septemba 1867 alifanya karamu kubwa hapa akawaalika mabalozi wa Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Marekani waje waone. Aliwavuta pia Waarabu wa Hadhramaut na wafanyabiashara wa Kihindi kutoka Unguja waje wakae, wafungue maduka, wapande mashamba. Nao wakaja, maana mwenye akili ya biashara anajua kuwa mtawala akijenga kasri porini, pori hilo si pori tena.

Hapa ndipo naomba tutulie kidogo. Udongo wa Mzizima ulikuwa ule ule mwaka 1860 na mwaka 1867. Mchanga haukuongezeka rutuba. Kilichobadilika ni kwamba mtu mwenye nguvu alitangaza kuwa hapa patakuwa mji, na tangazo hilo likaipa ardhi thamani ambayo mwenye kuilima hakuijua. Aliyeko karibu na mtawala huisikia habari mapema, akapata kiwanja mapema. Mvuvi wa Mzizima huisikia baada ya nguzo kusimikwa. Mambo ni hayo hayo hadi leo. Siku hizi tunaona kigingi chenye rangi nyekundu kikipigwa shambani, mwenye shamba akiuliza jirani zake ni cha barabara au cha nini, wakati mtu aliyeko mjini amekwisha nunua ekari tano mbele yake.

Wakati Majid akijenga, nyumbani mambo hayakutulia. Agosti 1866 dada yake Salme alitoroka Unguja kwa merikebu ya Kiingereza. Alikuwa na mapenzi na mfanyabiashara wa Kijerumani aitwaye Heinrich Ruete na ilikwisha kuwa aibu mjini. Alibatizwa Aden, akaolewa huko, akaenda kuishi Hamburg kwa jina la Emily Ruete. Kisha mwaka 1869 kipindupindu kikaingia Unguja na kuua maelfu. Mji mpya wa bara ulihitaji fedha, watu na miaka, na mwenye mji hakuwa na vyote vitatu.

Oktoba 1870 Sayyid Majid alifariki. Alikuwa hajafika miaka arobaini. Kiti kikachukuliwa na Barghash, yule aliyempiga vita mwaka 1859. Barghash hakuwa na haja na ndoto ya kaka yake. Alikuta hazina ina madeni, na mwaka 1872 kimbunga kikaiangusha mikarafuu ya Unguja. Kazi ya Dar es Salaam ikasimama. Makuti yakaoza, dari zikaanguka, miti ikaota ndani ya vyumba ambavyo mabalozi walikula pilau. Barghash alijenga, lakini alijenga kwake Unguja, kasri la Beit al-Ajaib na mifereji ya maji. Mji wa kaka aliuacha.

Hata hivyo watu hawakuondoka wote. Wahindi wachache na Waarabu wachache walibaki na minazi yao na maduka yao. Washomvi waliendelea kuvua, Wazaramo waliendelea kuleta nafaka na sandarusi. Ardhi ikarudi kuwa ardhi ya kawaida. Lakini swali la nani mmiliki lilikuwa limekwisha chafuka. Zamani palikuwa pa Mshomvi na ada ni ya Pazi. Sasa pana mashamba ya Sultani aliyekufa, nyumba alizojenga, viwanja alivyowapa watu kwa neno la mdomo, na mrithi aliyekaa mbali asiyetaka kujua. Mali ya namna hiyo haikosi mgeni wa kuja kuipima.

Mgeni akaja. Mwaka 1885 Carl Peters alikuwa amekwisha zunguka bara akikusanya alama na misalaba ya machifu kwenye karatasi za Kijerumani. Barghash alipopinga, Agosti mwaka huo manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri lake zikielekeza mizinga. Na katika merikebu moja iliyofuatana nazo alikuwamo nani? Alikuwamo Salme. Alikuwa mjane mwenye watoto, mumewe amekwisha kufa kwa ajali, na amekuja kudai mirathi kutoka kwa kaka yake Barghash. Alikuwa anadai mafungu yake katika mali za ndugu zake waliofariki wakati yeye yuko Ulaya. Barghash alimkatalia. Kisheria Barghash alikuwa na hoja, maana aliyetoka katika dini harithi kwa Muislamu. Lakini kwa serikali ya Kijerumani sheria haikuwa na uzito wowote. Walichohitaji ni dai la mwanafamilia, na walipopata walichokitaka kwa Barghash walimrudisha mama wa watu Ulaya bila ya haki aliyoifuata.

Wahenga wetu walikwisha sema kuwa ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Maana yake tuliyofundishwa ni kuwa usiwaingilie, kesho watapatana. Lakini pana ugomvi mwingine ambao ndugu wakigombana mgeni huchukua kamba akapima shamba. Ugomvi wa watoto wa Sayyid Said ulikuwa wa namna hiyo tangu 1856 hadi mwisho wake.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Mwaka 1887 kampuni ya Kijerumani ilifungua kituo chake Dar es Salaam. Barghash alifariki Machi 1888, na Aprili mrithi wake, Sayyid Khalifa, alitia saini mkataba wa kuikodisha kampuni ile mwambao wote. Jambo la mwanzo walilotaka Wajerumani ni wenye mashamba na nyumba kuthibitisha na kuandikisha mali zao. Watu wa mwambao walielewa maana yake mara moja: asiye na karatasi hana ardhi. Hii ni sababu mojawapo ya vita vya Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka uliofuata mwambao ukauzwa moja kwa moja, Sultani akalipwa marki milioni 4. Mtu wa Mzizima hakuulizwa wala hakuona hata marki moja.

Mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao makuu kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam. Bandari aliyoichagua Majid ndiyo waliyoitaka. Mwaka huo huo wakatoa kanuni za ujenzi zilizotaka sehemu za mbele zijengwe nyumba imara za mtindo wa Kizungu, na asiyeweza akasogee nyuma. Mwaka 1895 wakatangaza kuwa ardhi yote isiyo na uthibitisho wa mwenyewe ni mali ya dola yao. Reli ilianza kujengwa hapa mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Kila pau la reli lililolazwa lilipandisha bei ya kiwanja. Shamba kubwa lililokuwa magharibi mwa mji lilikuwa mikononi mwa kampuni ya Mjerumani aitwaye Schöller, na wenyeji waliojenga vibanda humo walimlipa kodi ya ardhi. Kabla tu ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ilimnunulia Schöller shamba lile ili iwaweke Waafrika humo. Shamba hilo ndilo Kariakoo yetu, iliyopewa jina la kikosi cha wapagazi wa Kiingereza waliokaa pale wakati wa vita. Leo ulizia bei ya kiwanja kimoja Kariakoo.

Waingereza walipochukua nchi walitunga sheria ya ardhi ya 1923 iliyoweka ardhi yote chini ya mamlaka ya Gavana. Baada ya uhuru Gavana aliondoka, msingi ukabaki. Sheria mbili za mwaka 1999, ile Namba 4 na ile Namba 5, zinasema ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Sheria hizo zinamtambua mwenye haki ya kimila na zinataka alipwe fidia ya haki kwa ukamilifu na bila kucheleweshwa, na hilo ni jema. Lakini fidia hulipwa kwa mtu anayejulikana. Mwaka 2002 ulipoanza mradi wa viwanja 20,000, yalipimwa mashamba ya Mbweni, Bunju, Tuangoma, Kibada, Gezaulole, Buyuni na kwingineko. Wapo waliolipwa wakajenga kwingine wakashukuru. Wapo pia waliofika dirishani wakakuta jina lililoandikwa si lao, ni la ndugu yao.

Mji huu ulikuwa na watu milioni 2.5 katika sensa ya 2002, milioni 4.4 mwaka 2012, na milioni 5.4 mwaka 2022. Watu hao wote wanahitaji pa kulala. Serikali imekwisha hamia Dodoma, kazi iliyoamuliwa 1973 na kushika kasi baada ya 2016, na ndugu zetu wa huko wameyaona yale yale ya Mzizima: shamba la mtama la jana limekuwa kiwanja cha mkubwa leo. Simlaumu anayenunua. Kununua na kuuza ni halali, na mji hauwezi kuzuiwa usikue. Ninalolisema ni kuwa mnunuzi wa ardhi hutafuta ufa, na mara nyingi ufa huo ameuacha mwenye nyumba mwenyewe.

Tazama maisha ya Majid tangu mwanzo. Riale 40,000 zilizombana zilitokana na ugomvi wa ndugu. Hofu iliyomhamisha bara ilitokana na ugomvi wa ndugu. Mji wake uliachwa uanguke na ndugu. Na manowari zilizokuja kuichukua nchi zilifuatana na dada yake mwenyewe. Mizinga ya Wajerumani ilikuwa mikubwa na pengine wangeichukua pwani hata kama nyumba ile ingekuwa imeshikamana. Allah ndiye ajuaye. Lakini walikuta mlango uko wazi na ndani watu wanagombana.

Sasa rudi kwetu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inatuamrisha kuandika tunapokopeshana na kuweka mashahidi. Mafungu ya warithi yametajwa kwa hesabu katika Surat An-Nisaa, mtoto wa kiume na wa kike, mke, mume, mama na baba. Hapana umma uliopewa maelezo ya wazi zaidi juu ya mali ya marehemu. Pamoja na hayo, ni familia ngapi za Kiislamu katika mji huu zinakaa na shamba la babu miaka thelathini bila kugawana? Tunaona haya kuzungumza mirathi, tunasema tusubiri arobaini ipite, kisha mwaka, kisha mfungo upite. Shangazi anaambiwa kwake ni kwa mumewe. Mjane anaachiwa chumba kana kwamba anapewa sadaka, ilhali ana fungu lake. Kaka mkubwa anashika funguo na kujiita msimamizi bila ya mtu kumteua. Lami inapofika anauza vipande viwili, karatasi inagongwa muhuri, na mashahidi ni vijana wa kijiweni. Baada ya hapo tunaandika ukutani kuwa haliuzwi.

Njia ya kufuata tunaijua. Warithi wakae kikao, waandike majina ya wote, walio hai na waliofariki wakaacha watoto. Wamteue msimamizi na kumpeleka Mahakama ya Mwanzo athibitishwe. Madeni na wasia vitolewe, kisha shamba lipimwe na kila mtu aoneshwe mpaka wake. Anayetaka kuuza fungu lake auze kwa uwazi, na ndugu wapewe nafasi ya kwanza kulinunua. Na kama ukoo unapenda kipande kibaki daima, kiwekwe wakfu wa msikiti, wa madrasa au wa kaburi za wazee, kwa maandishi na wadhamini wanaojulikana, maana wakfu wa mdomo nao umekwisha potea mwingi katika mji huu.

Jumamosi iliyopita tulikaa barazani kwa babu. Yule mtoto wa ami aliyemleta dalali naye tulimwita, akaja. Ilibainika kuwa hakuwa mwizi kama tulivyokuwa tukimsema nyuma yake. Ana mtoto mgonjwa, anahitaji fedha, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia fungu la baba yake ni lipi. Tuliandika majina, yakafika ishirini na tatu. Shangazi alikuwa wa kwanza kuweka dole gumba. Shauri letu litasikilizwa mahakamani mwezi ujao, inshaallah, na najua safari bado ni ndefu.

Namuomba Allah amrehemu Sayyid Majid, awarehemu Washomvi na Wazaramo waliompokea, na awarehemu wale wasio na majina walioyabeba mawe ya mji huu wakiwa watumwa.

Wallahu a'alam.